Msaada wa kijamii Ulaya: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

"Ulaya kila mtu analipwa na serikali, afanye kazi asifanye."
Si kweli. Finland iliwahi kuwapa watu 2,000 wasio na ajira yuro 560 kwa mwezi bila masharti, 2017 na 2018, kisha jaribio likaisha. Kwa kawaida msaada hupewa asiyejimudu tu: kipato cha nyumba nzima hupimwa, na mwenye uwezo wa kufanya kazi hutakiwa aitafute.

"Kiwango hupangwa Brussels."
Kila nchi hujipangia, si Umoja wa Ulaya wenye makao yake Brussels. Pendekezo la Baraza la Umoja wa Ulaya la Januari 2023 huhimiza tu, halilazimishi.

"Ni hisani, na mgeni hana la kudai."
Hii ndiyo inayowaumiza watu wetu, maana anayeiamini hukunja barua ya kukataliwa akanyamaza. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuta fedha za waomba hifadhi hazijapandishwa tangu 1993, ilhali bei zilikuwa zimepanda. Ikaamua kwamba heshima ya utu haipunguzwi kwa ajili ya sera ya uhamiaji, na viwango vikapandishwa.

Italia nayo ilidai mwombaji wa msaada wa kipato awe ameishi nchini miaka 10. Wanawake wawili wageni, wenye kibali cha ukaazi wa muda mrefu, walishtakiwa kwa jinai, wakidaiwa kutamka uongo kwamba wametimiza sharti hilo. Julai 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sharti lenyewe ni la kibaguzi: ukaazi huo hupatikana baada ya miaka 5, na aliye nao hutendewa sawa na raia katika msaada wa msingi. Msaada wenyewe ulikuwa umeshafutwa, lakini hukumu inazibana nchi zote zinazofuata sheria hiyo ya ukaazi.

Mipaka ipo, tusidanganyane. Mkimbizi aliyetambuliwa hupata sawa na raia. Mwenye hifadhi ya ziada, yaani asiyehesabiwa mkimbizi lakini angedhurika vibaya akirudishwa kwao, anaweza kupewa mahitaji ya msingi tu. Hata raia wa Umoja wenyewe, akihamia nchi nyingine bila kazi wala fedha za kujikimu, anaweza kunyimwa: ndivyo ilivyoamua mahakama hiyo hiyo ya Umoja Novemba 2014 katika kesi ya Dano, mama kutoka Romania aliyehamia Ujerumani.

Ukikataliwa, omba uamuzi kwa maandishi na utazame tarehe. Ujerumani kwa kawaida una mwezi 1 wa kuupinga. Ubelgiji, miezi 3 kwenda mahakama ya kazi, ambayo husikiliza pia kesi za msaada.