Kupima uvimbe wa viungo kwa picha: maana yake ni nini?

Mtu wa Mombasa akiamka vidole vimekakamaa, hata unga wa mahamri umshinde kukanda, jirani atamwambia ni baridi imemwingia, ijapokuwa ni Februari na joto la kaskazi halimpi mtu usingizi. Yatatafutwa mafuta ya kuchua. Ila ipo baridi yabisi ya rumatoidi, na hiyo haiingii kutoka nje. Kinga ya mwili wenyewe hugeuka ikashambulia utando laini ulioko ndani ya kiungo. Utando hunenepa, maji hujaa, vimishipa vipya vya damu huchipuka humo, na ukiachwa hivyo huanza kuula mfupa ulio karibu nao.

Kupima uvimbe kwa picha ni kuutazama utando huo kwa mashine na kuupa alama. Kinachopimwa si maumivu, na hapa ndipo wagonjwa wengi huchanganyikiwa. Kiungo kilichoharibika miaka iliyopita chaweza kumliza mtu ilhali utando umetulia. Mwengine atakwambia hajambo, na ndani damu inakwenda mbio.

Picha ambayo watu huiomba kwanza ni eksirei. Lakini eksirei huonyesha mfupa. Ni sawa na kuutazama mwamba wa matumbawe pale ulipoliwa chini: utaona tundu, wimbi lenyewe hulioni. Kipimo cha madaktari Sharp na van der Heijde, kinachohesabu mifupa iliyoliwa na nafasi zilizobanana kwenye viungo vya mikono na miguu, hufika hadi 448, na alama zote hizo ni za madhara yaliyokwisha kutokea.

Uvimbe wenyewe huonekana kwa altrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti. Mpimaji hupaka jeli juu ya kifundo cha mkono, na kwenye skrini maji hutokea meusi, utando ulionenepa ukawa wa kijivu. Kisha huwasha Doppler, iliyopewa jina la Christian Doppler wa Austria, aliyeeleza mwaka 1842 jinsi wimbi linavyobadilika chanzo chake kikisogea. Hapo panapopita damu pote hupata rangi. Pasipo na rangi ni 0. Vidoa vichache ni 1. Rangi ikienea bila kuvuka nusu ya eneo la utando ni 2, ikivuka ni 3.

Namba hiyo hutegemea sana mkono wa mpimaji. Akikandamiza kifaa kidogo tu, vile vimishipa hubonyea, rangi ikapotea, na kiungo kinachowaka kikaandikwa 0. Ndiyo maana mpimaji mzuri humwaga jeli kwa wingi, kifaa kikagusa jeli kuliko ngozi, na humwambia mgonjwa, "Mama, legeza mkono, usikaze."

Emarai (MRI), mashine kubwa ya sumaku, huona zaidi. Nayo hupima utando kwa 0 hadi 3, mara nyingi baada ya dawa ya gadolinia kudungwa mshipani, na pia huonyesha maji ndani ya mfupa wenyewe, jambo ambalo altrasaundi hailiwezi. Maji hayo ni dalili mbaya, kwani mara nyingi hutangulia mfupa kuliwa. Lakini ni ghali, na kulala ndani ya mashine ile si kazi ndogo kwa mtu aliyekakamaa.

Je, upigwe picha kila ukienda kliniki? Kwa maoni yangu, la. Majaribio mawili, la Scotland lililochapishwa 2015 na la Norwei la 2016, yalilinganisha matibabu yanayoongozwa na altrasaundi na yale ya daktari anayekagua viungo kwa mikono yake kwa makini. Picha haikushinda. Faida yake iko pale daktari anapobaki na shaka: vidole vinene visivyoeleweka kama vimevimba, au mgonjwa anayelalamika na vipimo vya damu viko shwari.

Ukipelekwa, beba ripoti ya zamani, ikiwezekana upimwe kwa mashine ileile. Na kama umemeza diklofenaki au ibuprofeni, mwambie mpimaji kabla hajapaka jeli, kwa sababu dawa hizo zaweza kuipunguza rangi ya Doppler, alama ikasomeka ndogo kuliko ilivyo.