Mimea rafiki: maana yake kwa mfano wa boraji

Ukipanda mahindi na maharage shamba moja, unataka kuvuna vyote viwili. Huo ni mseto, na bibi zetu waliufanya bila kuhitaji somo. Mmea rafiki unakaribiana na hilo ila haufanani nalo. Ni mmea unaopandwa jirani na mwingine kwa ajili ya kazi utakayoufanyia huo mwingine: kuita nyuki, kuvuruga wadudu waharibifu, kufunika udongo, au hata kuliwa wenyewe ili jirani yake usalimike. Ukipata cha kuchuma kutoka kwake, hiyo ni bahati ya ziada.

Boraji hutajwa sana mazungumzo haya yanapoanza, na ni mfano mzuri kwa sababu sifa zake ni nyingi kuliko kazi zake.

Asili ya boraji (Borago officinalis) ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Ni mmea wa msimu mmoja, hufika sentimita 60 hadi mita moja, na mwili wake mzima umejaa vinywele vya kukwaruza. Waarabu huiita lisan ath-thaur, yaani ulimi wa fahali, na ukipitisha kidole juu ya jani utaona jina limepata mwenyewe. Jani likitafunwa lina ladha ya tango. Ua huchipua likiwa na rangi ya waridi, kisha hugeuka buluu, petali tano zilizochongoka kama nyota, na katikati pembe ndogo nyeusi.

Liangalie ua hilo kwa karibu: limeinama, linatazama chini. Mvua haiingii ndani, na nyuki akitaka nekta lazima aning'inie miguu juu. Tena nekta ikishanyonywa hujaa upya haraka, kwa hiyo ua lile lile hutembelewa mara nyingi kwa siku. Hapo ndipo ulipo urafiki wa boraji. Ni baa ya nyuki isiyofungwa mchana kutwa.

Anayefaidika ni nani? Kwanza maboga, matango na matikiti, ambayo ua la kiume liko mbali na la kike. Chungulia ua la kike la boga asubuhi. Nyuma yake kuna kiboga kidogo kama gololi. Chavua isipofika, kiboga kile hugeuka njano, hunywea na kudondoka baada ya siku chache, na mwenye bustani huanza kulaumu mbolea. Ua lenyewe hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana kukolea. Nafasi ni hiyo moja. Nyuki wakishazoea kufika bustanini kwa sababu ya boraji, uwezekano wa kupita pia kwenye boga unakuwa mkubwa.

Nyanya ni habari nyingine. Ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na linahitaji kutikiswa tu, kwa upepo au kwa mtetemo wa mdudu. Nyuki wa asali hana mtetemo huo. Wanao wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti na nguzo za mbao. Hata hivyo utasoma kila mahali kwamba boraji hufukuza viwavi vya nyanya, na kwamba stroberi zikipandwa karibu nayo huwa tamu zaidi. Ushahidi wa madai hayo ni mwembamba, na mimi nisingeipa boraji hata futi moja ya tuta kwa sababu hizo.

Urafiki uliopimwa upo, na mmojawapo umepimwa hapa hapa kwetu. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walianza miaka ya 1990 kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humsukuma nje nondo anayezaa funza wa mabua, mabingobingo humvuta, na mizizi ya desmodiamu hudhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Njia hiyo ikaitwa vuta sukuma. Marigodi nayo ina sifa ya kweli, kwani mizizi yake huwadhuru minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi ya mazao. Lakini lazima ijaze tuta lote kwa msimu mzima kabla ya zao kupandwa. Miche miwili mitatu ya kupamba kona haitoshi.

Boraji hupenda ubaridi. Lushoto au Limuru itastawi; pwani joto huichosha mapema. Aliyeko Tanga au Mombasa asihangaike kuitafuta, aache mrehani wake utoe maua badala ya kuukata kila mara, na giligilani vivyo hivyo. Nyuki watakuja tu.

Mbegu hupandwa palepale zitakapokulia, kina cha sentimita moja hivi, kwa kuwa mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja na haupendi kuhamishwa. Huota ndani ya wiki moja au mbili. Acha nafasi ya kutosha kati ya mche na mche, maana ikikomaa huelemea upande na kuwalalia majirani. Rafiki huyu ana ubavu.

Kuliwa huliwa: Liguria nchini Italia hujaza majani yake ndani ya pasta, na Frankfurt ni moja ya majani saba ya mchuzi wao wa kijani. Lakini majani yana alkaloidi zinazoweza kudhuru ini, kwa hiyo yasigeuzwe mboga ya kila siku, na mjamzito au mwenye ugonjwa wa ini ayaache kabisa.

Kila ua huweza kuacha mbegu nne, nyeusi, ambazo hudondoka zenyewe kabla hujaziwahi. Msimu unaofuata utaikuta imeota hata kwenye njia ya kupita. Ng'oa usizozitaka zikiwa na majani manne tu, kabla mzizi haujashika.