Je, wajua kwa nini riwaya za Michael Crichton husomeka kama ripoti ya kweli?

Michael Crichton alihitimu udaktari Harvard, Marekani, mwaka 1969, lakini hakuwahi kufanya kazi hiyo. Mwaka huohuo ilitoka The Andromeda Strain, riwaya yake kuhusu kijidudu hatari kutoka anga za juu, na tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 kalamu na filamu ndizo zilizomlisha.

Uandishi alikuwa ameuanza mapema. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari aliandika riwaya nyepesi za wizi na upelelezi ili alipe ada, akitumia jina la bandia la John Lange. Kati ya 1966 na 1972 zilitoka nane. Nyingine, A Case of Need ya 1968, aliitoa kwa jina la Jeffery Hudson, ikashinda tuzo ya Edgar, inayotolewa kwa hadithi za upelelezi. (Hudson halisi alikuwa mbilikimo wa ikulu ya malkia wa Uingereza katika karne ya 17, naye Crichton alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili.) Vitabu hivyo vilimfundisha mwendo: sura fupi, saa inayokimbia, na sura inayokatika pale msomaji asipoweza kuweka kitabu chini. Kuaminika kulikuja baadaye, na hapo mhariri ana sehemu kubwa.

Mhariri huyo ni Robert Gottlieb wa kampuni ya uchapishaji ya Knopf. Aliukubali mswada wa The Andromeda Strain kwa sharti kwamba uandikwe upya kabisa. Udhaifu wake ulikuwa wahusika: hawakuwa na uhai. Mhariri mwingine angemwambia awaongezee wake, watoto na majonzi. Gottlieb alishauri kinyume: aachane na undani wa wahusika, aandike kama mtu anayetoa taarifa ya tukio lililokwisha kutokea. Naona huo ndio uamuzi uliomjenga Crichton, kwa sababu uliigeuza kasoro yake kuwa mtindo.

Tazama ulivyofanya kazi. Setilaiti inaanguka katika kijiji cha Arizona, na wote wanakufa isipokuwa mzee mmoja na mtoto mchanga anayelia bila kukoma. Wanasayansi wanashuka kwenye maabara ya orofa tano chini ya ardhi ya Nevada, kila orofa safi kuliko iliyo juu yake. Katikati ya masimulizi kuna ramani, machapisho ya kompyuta na nyaraka zenye mihuri ya siri. Mwishoni kuna orodha ya marejeo, nyingi za kubuni. Kuna hata jedwali lenye tarakimu za desimali linaloeleza kwa nini ufunguo wa kuzima bomu lililowekwa kuiteketeza maabara ikibidi apewe mwanamume asiyeoa. Dhana yenyewe haina mashiko, lakini msomaji akishaona desimali hupunguza maswali. Na jibu la kitendawili ni la kitabibu: kijidudu huishi ndani ya kiwango chembamba tu cha asidi ya damu, na damu ya mzee na ya mtoto zote zilikuwa nje ya kiwango hicho, kila moja kwa sababu yake.

Ufundi huu ulikomaa katika Jurassic Park, 1990, riwaya kuhusu hifadhi ya dinosaria waliofufuliwa kwa DNA yao ya kale. Wengi wanakumbuka mbu aliyenaswa kwenye kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe) akiwa na damu ya dinosaria tumboni. Mimi namkumbuka Crichton zaidi kwa kompyuta ya kuhesabu wanyama. Hifadhi inajua ina wanyama 238, kwa hiyo programu imeagizwa iwatafute 238. Ikiwafikia, inatangaza kuwa wote wapo. Inaweza kugundua aliyepotea, haiwezi kugundua aliyezidi. Mtaalamu wa hisabati anashtuka alipoona grafu ya urefu wa aina moja ya dinosaria. Waliachiliwa kwa makundi matatu ya umri tofauti, basi grafu ingepaswa kuwa na vilele vitatu. Ina kimoja, laini, kama ya wanyama wanaozaliana wenyewe. Anaomba programu itafute 300, na kompyuta inaleta 292. Hakuna aliyeumwa wala aliyekimbizwa katika onyesho hilo, na bado linatisha, kwa kuwa kosa ni la aina inayoweza kutokea katika ofisi yoyote.

Hata kitabu hicho hakikuja kirahisi. Miswada ya mwanzo ilisimuliwa kwa macho ya mtoto, na watu aliowapa waisome hawakuipenda hata kidogo. Aliposimulia upya kwa macho ya watu wazima, kikasimama. Haki za filamu ziliuzwa kwa dola milioni 1.5 kabla kitabu hakijachapishwa.

Mbinu hii ina gharama zake. Sayansi husonga: mwaka 2012 watafiti waliopima mifupa ya ndege moa wa New Zealand walikadiria kwamba nusu ya viungo vya DNA hukatika kila baada ya miaka 521 hivi, kwa hiyo ya dinosaria haiwezi kubaki. Miisho nayo huyumba. Kile kijidudu cha The Andromeda Strain hubadilika chenyewe kikawa hakimdhuru mtu, na jitihada zote za wanasayansi zikapungua uzito.

Gharama kubwa zaidi ilionekana mwaka 2004 katika State of Fear, riwaya inayopinga hofu ya mabadiliko ya tabianchi. Safari hii grafu na tanbihi zilikuwa za tafiti halisi, na mwaka uliofuata Crichton aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Mmoja wa watafiti aliowanukuu, Peter Doran, alikuwa ameonyesha mwaka 2002 kwamba sehemu fulani ya Antaktika ilipoa kwa kipindi fulani. Mwaka 2006 Doran aliandika katika gazeti la New York Times kulalamika kwamba matokeo yake, riwayani humo na kwingineko, yalikuwa yanatumiwa kupinga ongezeko la joto duniani, jambo ambalo utafiti wake haukusema.