Si kila kinachocheza ubavuni kulia ni ini

Tunapojiandaa na Siku ya Homa ya Ini Duniani, tarehe 28 Julai, foleni ya kliniki yetu hubadilika. Wanaanza kuja watu wasio na manjano wala tumbo kujaa maji, wanaokula na kufanya kazi zao, lakini mkono umeshika ubavu wa kulia. Mmoja anasema kuna kitu kinatekenya. Mwingine kinapwita, mwingine anahisi joto linapita, mwingine akiinama kufunga viatu anahisi kitu kimejibanza chini ya mbavu. Mwaka huu wamekuwa wengi, na wengi wanakuja na lawama: "Nimepimwa mara nne, naambiwa sina kitu, na mimi ninahisi." Makala haya ni yao.

Kwanza, tunakuamini. Unachohisi kipo. Tunachobishana nawe ni jina ulilokipa kabla hujafika mapokezi.

Nyama ya ini haina neva za maumivu. Neva zipo kwenye utando mwembamba unaolifunika, na utando huo huuma pale ini linapovimba na kuuvuta, au jipu na uvimbe vinapoufikia. Ndiyo maana kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka ishirini, ini likijaa makovu polepole, na mwenyewe hana habari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na kirusi hicho, na wengi wao hawajui. Anayelipima ini lake kwa maumivu hukosea pande zote mbili: anayehisi anaogopa bure, na asiyehisi anakaa nyumbani. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi.

Sasa, chini ya mbavu za kulia ini haliko peke yake. Utumbo mpana unakata kona hapohapo, na gesi ikikwama kwenye kona hiyo utahisi kujaa, kubanwa, hata kitu "kinatembea". Kifuko cha nyongo nacho kipo hapo. Mawe yake huleta maumivu makali, aghalabu baada ya chakula cha mafuta, yakadumu nusu saa hadi saa kadhaa, na yanaweza kupanda hadi bega la kulia. Vidonda vya tumbo huanzia kwenye chembe cha moyo na kusogea. Nimonia ya sehemu ya chini ya pafu la kulia huchoma ubavuni, na wazee wetu wala hawakusumbuka kutafuta jina, waliita kichomi. Mkanda wa jeshi huunguza ngozi siku mbili tatu kabla ya malengelenge kutoka, na katika siku hizo hakuna ultrasaundi itakayouona.

Halafu kuna ukuta wenyewe: misuli, mbavu na gegedu zake. Ukiweza kuweka kidole kimoja mahali panapouma, ukabonyeza na maumivu yakaja yaleyale, au yakaongezeka ukijipinda kitandani, mara nyingi tatizo liko ukutani na si ndani. Kupwita kwa juujuu, kunakokuja na kuondoka kwa sekunde chache, kwa kawaida ni msuli. Jicho likicheza tunasema kuna mgeni njiani. Ubavu ukicheza, siku hizi tunasema ini. Ni msuli uleule unaoruka, mahali ndipo pamebadilika.

Hofu nayo ina kazi yake hapa, na naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ni mawazo tu. Kiswahili chenyewe kinasema habari mbaya hukata maini, kwa hiyo hatuna haja ya kuona aibu kwamba wasiwasi hushuka mwilini. Mtu aliyezika ndugu kwa saratani ya ini huanza kuusikiliza ubavu wake usiku, na kiungo kinachosikilizwa usiku kucha hakikosi la kusema. Mgonjwa wa namna hii namweleza wazi, na bado nampima, kwa sababu ndugu wa aliyekufa na saratani ya ini lazima apimwe homa ya ini B.

Ndiyo maana maswali yangu huwaudhi watu. Wanataka kipimo, mimi nauliza umezaliwa mwaka gani. Nauliza kwa sababu chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002; ukizaliwa kabla ya hapo, yaelekea hukuchanjwa utotoni. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kirusi kubaki naye maisha ni takribani asilimia 90, na kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Nauliza umekulia wapi, maana kichocho cha tumbo cha Kanda ya Ziwa hupanda mishipa ya ini, na dalili ya kwanza inaweza kuwa kutapika damu. Nauliza mahindi mnayahifadhi vipi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ilileta ugonjwa na vifo Dodoma na Manyara, kwa chakula kilichotoka ghalani mwao wenyewe. Nauliza pombe, na "kidogo" si jibu.

Kuhusu vipimo. ALT na AST, vimeng'enya viwili ambavyo watu huviita "kipimo cha ini", havionyeshi ini linafanya kazi kiasi gani. Vinaonyesha kama kuna seli zinazoumia sasa hivi. Kazi ya ini tunaisoma kwenye albumini (protini ya damu), bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) na muda wa damu kuganda. Mtu mwenye makovu makubwa anaweza kuwa na ALT ya kawaida, na kijana mzima aliyebeba magunia jana anaweza kuwa na AST na ALT zilizopanda, kwa sababu vimeng'enya hivyo vimo pia kwenye misuli. Kwa hiyo pumzika na kazi nzito siku chache kabla ya kutolewa damu, na useme kama hukupumzika. Sampuli ambayo chembe nyekundu zimepasuka tunairudisha, maana hupandisha AST kwa uongo. Ukiitwa kutoa damu tena, usidhani tumeipoteza ya kwanza.

Kipimo cha HBsAg, kile cha damu kinachotafuta kirusi cha homa ya ini B, kikiwa chanya, kitarudiwa. Maambukizi huitwa sugu kirusi kinapoonekana kwa zaidi ya miezi sita, na si kila mwenye maambukizi sugu huanza dawa siku hiyo. Kwa ultrasaundi, usile saa sita hadi nane kabla, ili kifuko cha nyongo kijae na mawe yaonekane. Kila wiki tunawarudisha watu waliokunywa chai ya maziwa asubuhi. Kila wiki.

Majina matatu yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho na kadi ya bima. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kumpa ndugu kadi yako atibiwe kwa jina lako ni kosa kisheria. Kadi huzuiwa, gharama hudaiwa, na shauri linaweza kufika mahakamani. Na hata pasipo mahakama, majibu yake yameshaingia kwenye faili lako. Tumewahi kukaa na mtu tukimweleza kirusi ambacho si chake, huku mwenye nacho yuko nyumbani bila dawa.

Nije kwenye "dawa za kusafisha ini". Ini si chujio la chai linaloziba likahitaji kusuguliwa. Hakuna kipimo chetu hata kimoja kinachopima "uchafu" wake, kwa hiyo anayekuahidi kuutoa hana namna ya kukuonyesha ameutoa. Sina ugomvi na tiba asili: ipo Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga aliyesajiliwa ana cheti unachoweza kuomba kukiona. Chupa isiyo na lebo wala namba ya usajili ni jambo jingine. Baadhi ya mitishamba huunguza ini lenyewe, na mtu aliyeingia na ubavu unaocheza anatoka na manjano. Paracetamol pia huua ini ikizidishwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo ihesabu hiyo pia. Mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao ndio watakaoandika rufaa ikihitajika. Usifuate mlolongo huo ukiwa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu, choo cheusi kama lami, kutapika damu, tumbo kujaa ghafla, kuchanganyikiwa, au homa pamoja na maumivu ya ubavu, kwani hiyo inaweza kuwa jipu la ini. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, kitengo cha dharura, hata huna karatasi.

Kwa waliobaki: andika kwenye daftari hisia hiyo inakuja saa ngapi, baada ya kula nini, inadumu muda gani. Leta majibu yote ya zamani, hata yale yaliyoandikwa "hakuna tatizo", na ultrasaundi zote ulizojilipia, ili tusirudie tulichokwisha kukijua. Na ile chupa ya mitishamba usiifiche nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Ije nayo mezani, na kilichobaki ndani.