Mortal Kombat: tuliyoaminishwa bandani Kirumba

Ukikaa kijiweni Kirumba, Mwanza, na watu wa rika langu, stori za muvi za ngumi haziishi bila Mortal Kombat ya mwaka 1995. Tuliiona kwenye banda la video, madirisha yamezibwa kwa magunia, harufu ya dagaa wa Mwaloni ikipenya hivyo hivyo. Muvi hii naipenda mpaka leo, ndiyo maana inaniuma ikisimuliwa visivyo.

Eti Jean-Claude Van Damme yumo. Hayumo, ingawa ubishi huu una mzizi wake. Ed Boon na John Tobias, waliobuni gemu ya video iliyozaa muvi hii, katika kampuni ya Midway kule Chicago, walitaka kwanza kutengeneza gemu ya Van Damme. Ikashindikana, wakamuunda Johnny Cage, staa wa muvi mwenye majivuno, na kwa makusudi wakampa herufi za mwanzo J na C, kama za Jean-Claude. Van Damme mwenyewe akaja kucheza Street Fighter, 1994, nayo imetokana na gemu. Bandani kaseti hizi mbili zilifuatana, vichwani zikachanganyika.

Gemu ndiyo iliyotangulia, 1992. Sisi muvi ilitufikia kwanza, basi tukaamini gemu ndiyo iliyoiga. Na zile damu na vichwa kung'olewa ambavyo watu huapa waliviona kwenye muvi ni vya gemu. Muvi ilipunguzwa makali ili hata vijana waruhusiwe kuingia sinema.

Wengine huiita muvi ya Kichina. Ni ya Hollywood, mwongozaji ni Mwingereza, Paul W. S. Anderson, na zile fukwe zenye majabali na yale mahekalu ni Thailand. Robin Shou, steringi aliyecheza Liu Kang, ndiye mzaliwa wa Hong Kong.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "muvi ya kitoto, ngumi za uongo." Kweli ina vituko, mavazi yanang'aa kupita kiasi na maneno ya kujigamba hayaishi. Lakini itazame tena Liu Kang anapopambana na Reptile, mmoja wa maadui zake. Mtu anarushwa, anajipindua, anatua na teke liko tayari, na kamera inakaa mbali kiasi cha kukuonyesha mwili mzima. Pambano hilo Shou alilipanga mwenyewe, kwa ujuzi alioupata kwenye muvi za Hong Kong. Tena karibu likose kuwepo: watazamaji wa majaribio walilalamika kwamba ngumi ni chache, ndipo wakarudi kupiga picha nyingine. Hao walikuwa watu wetu kabisa!

Goro naye, yule wa mikono minne, watoto wa siku hizi husema ni kompyuta tupu. Alikuwa vazi zito lenye mitambo ndani, mtu akiwa amelivaa, huku mafundi wakichezesha uso na mikono ya ziada.

Miaka mingi baadaye niliitazama nyumbani kwa sauti yake ya asili. Nikamsubiri Shang Tsung, yule mchawi adui mkuu, atishie kumwanika Liu Kang juani kama dagaa, sehemu ile ambayo bandani tulikuwa tunasimama kwenye mabenchi na kupiga kelele. Hakusema. Maneno yale yalikuwa ya mtafsiri wetu, aliyeisimulia muvi kwa Kiswahili.