Uhakiki si ukosoaji, na wala si tangazo

Washereheshaji wa hapa Dar wana mtindo wao siku hizi. Wakiona watu wawili watatu wamekaa mbele na madaftari, wanashika kipaza sauti: "Wakosoaji wetu wameshafika, jamani, tujipange!" Ukumbi unacheka. Wasanii nyuma ya pazia hawacheki. Halafu kuna mwandaaji anayepiga simu: "Njoo basi utufanyie uhakiki kidogo, tiketi za Jumamosi zitoke." Kwa wa kwanza wewe mhakiki ni adui, kwa wa pili ni kipeperushi.

Maana yenyewe haina mengi. Uhakiki wa onyesho ni kulitazama hadi mwisho, kueleza limefanya nini na limefanyaje, kisha kutoa uamuzi pamoja na sababu zake, ili hata asiyekuwepo aweze kuupima uamuzi huo. Anayeifanya kazi hiyo ni mhakiki, awe ameajiriwa na gazeti au anajitegemea na kulipwa kwa makala. Basi.

Kinachonikera ni hilo la "ukosoaji". Hakiki lina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na haki na hakika: kuhakiki ni kupata uhakika wa jambo kwa kulichunguza. Huenda sifa yake mbaya imetokana na uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ile orodha ya mwaka 2017 yenye watu 9,932 walioambiwa vyeti vyao ni vya kughushi. Tangu hapo ukimwambia mtu anahakikiwa, anatafuta mlango. Lakini serikali ililitumia neno sawasawa. Vyeti halali navyo vilihakikiwa, vikarudi kabatini salama.

Kosoa ni neno jingine kabisa. Limetoka kwenye kosa, kwa njia ileile choma inavyozaa chomoa: kitenzi kinageuka, kilichoingia kinatoka. Kukosoa ni kulitoa kosa. Neno zuri, tumelichafua wenyewe kwa kulifanya sawa na kusema watu vibaya. Mkosoaji wa kweli wa onyesho ni mwongozaji, wakati wa mazoezi, anapomwambia mwigizaji asiongee huku amewapa watazamaji mgongo. Kosa linatolewa, na sisi hatutajua kama liliwahi kuwepo. Mhakiki anafika chakula kimeshapakuliwa. Akiandika kwamba maneno ya sehemu ya pili ya mchezo hayakusikika kuanzia katikati ya ukumbi, hajatoa kosa lolote, anasema kilichotokea.

Tathmini nayo huchanganywa humohumo. Hiyo ni ya mfadhili: wamekuja wangapi, lengo limefikiwa, fedha zimetumikaje. Onyesho linaweza kufaulu tathmini huku watu wakisinzia.

Shule nayo ina lawama yake. Tulifundishwa uhakiki wa tamthilia kwa fani na maudhui: dhamira, wahusika, muundo, mtindo, mandhari, tunajaza vipengele mpaka karatasi inaisha. Kwa kitabu ni sawa. Ila mtu aliyezoea hivyo akitumwa kwenye onyesho anarudi na orodha ileile, na ukiisoma huwezi kujua kama alitoka nyumbani. Taa ziliwashwa lini? Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yalimsaidia mchezaji au yalimzuia kuruka? Watu walicheka mahali palipokusudiwa?

Chukua taarabu. Mashairi ya wimbo unaweza kuyapata kwa simu na kuyachambua ukiwa kitandani. Usichoweza kukipata ni ubeti wa tatu unapofika, mama mmoja anainuka taratibu, msimbazi, ile noti ya elfu kumi, umekunjwa kati ya vidole viwili, anacheza hadi mbele na kumtuza mwimbaji huku macho yake yako kwenye meza ya kushoto. Kwenye meza hiyo kuna mtu anajua kwa nini. Dakika mbili baadaye mwenzake naye anainuka, ana noti mbili. Bendi imeshasoma mchezo, inaurudia ubeti. Sasa wimbo huo ni mpasho, yaani kijembe, wa nani kwa nani? Mwandishi wa mashairi hakuandika jibu. Mhakiki asipolileta hilo kwenye ukurasa ameleta mashairi tu, na mashairi tulikuwa nayo.

Kuhusu bahasha ya fedha ambayo mwandaaji humpa mwandishi nitasema kidogo, kila mtu anaijua. Wanaiita nauli. Tiketi ya bure haina neno, ni nyenzo ya kazi, mradi mhariri anajua. Nauli inayozidi teksi ya kwenda na kurudi mara tano ni malipo ya tangazo, na tangazo ni biashara halali kabisa, ila liandikwe kwamba ni tangazo. Anayejitegemea yumo hatarini zaidi, kwa sababu makala isipochapwa halipwi, na mwandaaji huyo ndiye atakayemwita au kutomwita mwezi ujao.

Kwa hiyo, ndugu msanii, ukikuta nimeandika kwamba ngoma yako ilianza kwa nguvu na ikapoa wapigaji walipobadilishana, usinitumie ujumbe kwamba nimekukosoa. Nimekuhakiki. Kama hawakupoa, niambie, maana hapo ndipo uhakiki wangu utakuwa na kosa, na utakuwa na haki kamili ya kunikosoa.