Kuchonga Picha Kwenye Ngozi: Maana Yake na Jinsi Inavyofanyika

Kuchonga picha kwenye ngozi ni kazi ya mkono ya kuitokeza sura ya mtu, mnyama au kitu juu ya ngozi. Fundi huchanja mistari kwa kisu, kisha hukandamiza upande mmoja wa kila mstari kwa vyuma vidogo vinavyogongwa kwa nyundo. Neno "kuchonga" linaweza kupotosha hapa. Anayechonga kinyago hutoa mti mpaka sura ibaki, na jioni anafagia mabanzi. Anayechonga ngozi hana cha kufagia. Ngozi yote iliyokuwepo asubuhi bado ipo, ila hapa imeshuka na pale imebaki juu, na vivuli vinavyopatikana ndivyo vinavyolifanya jicho lione pua, manyoya au kidevu.

Kazi hii ni tofauti na kuchoma picha kwa chuma cha moto, na ni tofauti na kupiga chapa kwa bamba la mashine linalotoa sura ileile kila mara. Hapa kila mstari hukatwa peke yake. Ndiyo maana mtu akileta picha ya mbwa wake, anaweza kupewa mbwa huyohuyo, na sikio lake lililokunjika.

Ngozi yenyewe lazima iwe imedabaghiwa, yaani imetengenezwa isioze, kwa tanini, dawa ya asili inayotoka kwenye mimea, kama ile ya magome ya miti. Nyuzi zake zikilowa hulegea, zikikandamizwa hulala, na zikikauka hubaki zilivyolazwa. Ngozi laini iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, ya makoti na viti, haishiki alama: ukiikandamiza inanyanyuka tena kama sponji. Namna ya kuijua ni rahisi. Lowesha kona, bonyeza ukucha, ngoja dakika chache. Alama ikikaa, ngozi inafaa. Unene mzuri kwa picha ni kati ya milimita 3.2 na 3.6. Pochi hutumia ngozi ya milimita 1.5 hivi, na inachongeka, lakini vivuli vyake vitakuwa hafifu.

Kabla ya maji, bandika utepe mpana wa gundi upande wa nyuma, ukijaza nafasi yote. Ngozi iliyolowa ikigongwa hutanuka, na uso uliochorwa mviringo unaweza kuishia kuwa mpana shavuni. Utepe unaizuia isitanuke.

Sasa unyevu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Lowesha upande wa juu kwa sponji, uso wote kwa pamoja, maana tone lililodondoka mahali pamoja huacha doa la duara. Kisha subiri. Ngozi itakuwa nyeusinyeusi kwanza, halafu rangi yake ya asili itaanza kurudi. Anza inapokaribia kurudi kabisa huku ngozi ikiwa bado ya baridi ukiigusisha shavuni. Ukiwahi, alama zinavimba na kufifia na kingo zinakuwa kama tope. Ukichelewa, kisu kinakwaruza, na chuma kinaacha alama isiyo na rangi. Unyevu ukiwa sawasawa, kila pigo huacha kivuli cha hudhurungi iliyoiva, na rangi hiyo inakwambia uendelee. Ikianza kupauka, pitisha sponji kidogo.

Mchoro huhamishwa kwa kuweka plastiki angavu juu ya ngozi na kufuata mistari kwa kalamu ya chuma yenye ncha ya duara, bila wino. Usifuate kila kitu kilichomo pichani. Kisu hukata pale tu kitu kimoja kinapopita mbele ya kingine: taya mbele ya shingo, kope mbele ya jicho. Mteremko wa shavu haukatwi kamwe, kwa sababu ukishakata pale uso unapata kovu lisilofutika. Huo hufinyangwa baadaye kwa kijiko cha chuma.

Kisu cha kazi hii kina shingo inayozunguka. Kidole cha shahada hukaa juu na kukandamiza, kidole gumba na vingine huzungusha mwili wa kisu. Kata kwa kona ya makali, ukivuta kuelekea kwako, kisu kikiwa wima bila kulalia kushoto wala kulia. Kina ni kama theluthi moja ya unene wa ngozi: ya milimita 3.5 hukatwa milimita moja na kidogo. Kisu kikianza kukwama, mara nyingi makali yamechoka. Yasugue kwenye kipande cha ngozi chenye dawa ya kung'arishia, na urudie kila baada ya dakika chache.

Baada ya kukata, weka ngozi juu ya bamba la marumaru au graniti na uanze kulaza kingo. Kanuni ni kwamba unakandamiza upande wa kilicho nyuma. Shingo hushuka ili taya ibaki juu; ukikosea upande, taya inaonekana imeingia ndani ya shingo. Chuma husogea chini ya nusu ya upana wake kwa kila pigo, bila kusimama, la sivyo ukingo unatoka na ngazi ndogondogo.

Jicho linastahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Kata kope ya juu kwa kina zaidi kidogo kuliko ya chini, kisha laza mboni chini ya kope ili ionekane imefunikwa. Zungusha kijiko pembeni mwa mboni mpaka iwe kitufe cha duara kama ilivyo kweli. Manyoya huja mwishoni, kwa mikato mifupi inayofuata uelekeo wa nywele. Yakikatwa mapema, yanabondwa tena na vyuma.

Usiache kisu au vumbi la chuma juu ya ngozi iliyolowa. Chuma na tanini hufanya doa jeusi ambalo ni gumu mno kuliondoa.

Acha ikauke kwa saa 24. Ukitaka rangi nzito ikae kwenye mikato pekee, paka kwanza mikono (matabaka) miwili myembamba ya kizuizi, dawa inayozuia rangi isiingie, na kila mmoja ukauke, kisha paka rangi ya kuzeesha, yaani ya kuipa kazi sura ya kale, na uifute papo hapo. Bila kizuizi uso mzima utakunywa rangi na vivuli vyote vitapotea. Nukta nyeupe ya mwanga jichoni huwekwa kwa ncha ya kijiti, kabla ya mkono wa mwisho wa vanishi ya akriliki.